Jicho Lako Lipimwe Kwanza

Mwanangu, hongera kwa kupata nafasi ya uzamili wa meno pale Muhimbili. Barua yako imenifurahisha sana, ila kichwa cha tasnifu ulichokiandika, afya ya kinywa ya watoto wa mkoa wa Arusha, kimenitia wasiwasi. Hiyo ni kazi ya umri mzima. Wewe una muda mfupi, na msimamizi wako ana wagonjwa na wanafunzi wengine. Kipunguze mpaka libaki swali moja, tena swali ambalo jibu lake laweza kuja kinyume na unavyodhani.

Unasema meno ya kahawia ya huko kwenu ndiyo yaliyokuvuta kwenye fani hii. Basi anzia hapo. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, ambayo ndiyo huyatia meno madoa hayo, sehemu nyingine mara kadhaa ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe. Uliza hivi: watoto wa miaka 12 waliokulia maji ya kisima wana madoa makali kuliko wenzao wa kata hiyohiyo waliokulia maji ya mserereko? Pima floraidi ya vyanzo vyote viwili, usidhani ya mserereko ni salama kwa kuwa yanashuka kutoka mlimani. Umri wa miaka 12 nao una sababu yake. Meno ya ukubwani karibu yote yameshaota, ukiacha magego ya mwisho kabisa, na mtoto bado unampata shule ya msingi. Swali likikaa sawa, hata vifaa vinajulikana: ukichagua kipimo cha madoa cha Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978, lazima ukaushe jino kabla ya kulisoma, kwa hiyo pamba isikosekane kwenye begi.

Sasa nisikilize vizuri. Kabla hujapima meno ya mtu, jicho lako lipimwe. Keti na mwalimu mzoefu, mkague watoto walewale, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Usiridhike na asilimia ya mlipokubaliana. Tuseme mnatafuta meno yaliyooza, na katika kila meno 100 mazima ni 95. Anayeandika "zima" kila mara bila hata kutazama atapatia mara 95. Kapa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kitampa sifuri, kwa sababu kinaondoa makubaliano ya bahati. Halafu baadhi ya watoto uwakague mara ya pili wewe mwenyewe, siku nyingine, bila kuangalia ulichoandika mwanzo.

Na kama utahesabu pia meno yaliyooza, ukikuta pengo, uliza limetokana na nini. Wapo watoto waliong'olewa vichipukizi vya chonge wakiwa wachanga, wazazi wakiamini ni meno ya plastiki yanayoleta homa na kuharisha. Ukilihesabu pengo hilo kuwa ni la kuoza, umeisingizia sukari.

Kurasa zako nazo zinahitaji jicho la pili, na jicho hilo ni la msimamizi. Mpelekee zikiwa bado mbichi. Nimewaona vijana wenye akili wakijificha miezi wakisubiri sura ikamilike, na mwisho wake wakaibomoa yote. Chora majedwali yako yakiwa matupu kabla ya kukusanya data, umwonyeshe; hapo ndipo kosa la mpango linapoonekana bila gharama. Kila mkikutana, andika nusu ukurasa wa mliyokubaliana, umtumie jioni ileile. Usipokubaliana naye, nenda na ushahidi, useme kwa adabu. Kumheshimu mwalimu si kunyamaza.

Watakuja wa kukuandikia tasnifu kwa malipo. Wakatae, maana takwimu zake huenda kijiji kikachagulia kisima.

Kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya mzazi utavitafuta, hilo najua. Mtoto mwenyewe akikataa kufungua kinywa, mwache. Na ukimkuta mwenye jipu kwenye ufizi, mwandikie rufaa siku hiyohiyo, kwa kliniki uliyozungumza nayo kabla hujaanza kazi. Takwimu zisubiri.

Ukishatetea na kusahihisha, usiiache tasnifu kwenye rafu ya maktaba. Andika kurasa mbili za Kiswahili kwa daktari wa meno wa wilaya, walimu wakuu na kamati ya maji ya kijiji. Taja kila chanzo kwa jina na kiwango chake cha floraidi, na ueleze kwamba maji yenye floraidi ndogo wapewe kwanza watoto wasiofika miaka 8, kwa kuwa meno yao ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya taya.