Siku ya Hofu
JUMANNE

Soma Zaburi 56:3. Daudi yuko Gathi, mikononi mwa Wafilisti. Je, anasema kwamba haogopi?

Hasemi hivyo. Anakiri hofu yake, na siku hiyo hiyo anamtumaini Mungu. Mtoto anayeambiwa kila mara kuwa mwenye imani haogopi hujifunza jambo moja tu: kuficha.

Tangu miaka ya 1980, mwanasaikolojia Mmarekani Steven Hayes na wenzake wamekuza tiba isiyoanza kwa kuifukuza hisia. Sasa hutumiwa pia kwa watoto na vijana. Badala ya kusema, “Nitashindwa,” kijana hufundishwa kusema, “Akilini mwangu kuna wazo kwamba nitashindwa.” Kisha huulizwa ni nini anachokithamini, naye hupiga hatua ndogo kukielekea, hofu ikiwa bado ipo. Binti anaweza kusoma fungu lake mbele ya kanisa huku akitetemeka. (Asihimizwe kupaza sauti!)

Lakini kukubali hisia si kukubali kuonewa. Mtoto anayepigwa au kunajisiwa hapaswi kufundishwa kuizoea hofu; alindwe, tena leo.

Mjadili: Mtoto aliyefiwa na mama yake anasema darasani, “Nimemkasirikia Mungu.” Mwalimu amjibu nini kwanza?