Hua Wawili na Sanduku la Wagonjwa

Somo: Kutoka 30:11-16, Walawi 5:7-13, Luka 2:22-24



Tangu mwezi uliopita watu wananung'unika juu ya sanduku la wagonjwa la kanisa, na wana sababu. Dada mmoja alishikwa na uchungu usiku, kituo cha afya kikasema apelekwe hospitali upesi. Mume wake akaja kwetu wazee kuomba pesa ya gari. Tukafungua daftari, tukaona hajalipa miezi minne. Tukamwambia kanuni ni kanuni. Mimi ndiye niliyesoma daftari. Majirani waliuza debe la mahindi na jogoo, gari likapatikana. Mama na mtoto wako hai, lakini sisi wazee hatuna sehemu katika ushuhuda huo.

Swali la nani alipe na alipe kiasi gani si letu peke yetu. Hapa Uganda malipo katika vituo vya serikali yaliondolewa mwaka 2001, na sisi wakimbizi tunapanga mstari mmoja na wenyeji. Tushukuru kwa hilo. Lakini dawa zikiisha unapewa karatasi ukanunue dukani, kwa hiyo mgonjwa bado analipa. Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa mwaka 2021, lakini haukutiwa saini. Kenya walianza bima mpya Oktoba 2024: mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na asiye na mshahara anakadiriwa, si chini ya shilingi 300 za kule kwa mwezi. Mwenye mshahara hukatwa kabla hajaiona pesa. Mwenye kuuza nyanya barabarani utamkadiriaje? Hapo ndipo penye ugomvi.

Ndugu waliopitia Rwanda wanaijua mutuelle. Ilijaribiwa katika wilaya tatu mwaka 1999, kisha ikaenea nchi nzima. Kwa muda kila mtu alitoa faranga 1,000 kwa mwaka, mwenye ng'ombe kumi na mjane sawasawa. Ikaonekana kwamba mjane anaumia. Mwaka 2011 wakabadili: wengine faranga 3,000, wenye nacho 7,000, na wale maskini kabisa wakalipiwa faranga zao 2,000 na serikali na wafadhili.

Sasa tufungue Neno. Katika Kutoka 30 Mungu anaagiza kila aliyehesabiwa atoe nusu shekeli. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Sisi tuliopenda kiwango kimoja tuliishika aya hiyo kwa mikono miwili. Nayo ina uzuri wake: hakuna awezaye kusema hema ni lake kwa sababu alitoa zaidi.

Lakini tulisoma haraka, tukafunga kitabu. Katika Walawi 5, asiyeweza kondoo alete hua wawili. Asiyeweza hata hua, alete unga kidogo. Na kuhani hakumwandikia deni. Mwenye unga alisamehewa kama mwenye kondoo, wala hakuambiwa arudi akipata. Mariamu alipokwenda hekaluni baada ya kujifungua, Luka anataja ile sadaka ya ndege wawili, sadaka ya wasioweza kondoo. Baadaye kidogo jamaa hiyo ilikimbilia Misri usiku. Najiuliza, tungekuwa sisi mlangoni na daftari letu, tungemwambia nini Yusufu?

Mzee mmoja alinijibu: tukilegeza, wavivu watakaa bure na sanduku litakauka. Simdharau. Paulo katika Wagalatia 6 anasema tubebeane mizigo, na hapo hapo anasema kila mtu ana furushi lake. Sisi tuliotembea kutoka Congo tunajua tofauti. Furushi la nguo kila mtu alibeba mwenyewe, hata watoto. Lakini bibi aliyeshindwa kutembea alibebwa na wanaume wanne kwa zamu, na hakuna aliyemwuliza amelipa miezi mingapi. Panadoli ya kichwa ni furushi. Upasuaji wa usiku si furushi.

Tena mwaka 2025 WFP iliondoa wakimbizi karibu milioni moja wa Uganda katika msaada wa chakula. Nyumba nyingi katika daftari letu ziliacha kulipa mwaka huo huo. Mimi niliziita nyumba za wavivu. Naomba msamaha mbele ya kanisa.

Wazee tunaleta shauri hili: wenye duka na wenye mshahara watoe shilingi 5,000 kwa mwezi, wenye shamba 1,000, na wasio na kitu watoe kikombe cha maharage au siku moja ya kulima shamba la kanisa. Nani yuko fungu gani, wamama wa kila mtaa watatuambia, maana wao wanajua sufuria ya nani haikuinjikwa jana.

Kikao ni Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Daftari litakuwa wazi mezani. Mume wa yule dada tumemwomba akae pamoja nasi wazee, naye amekubali.