Ushahidi kwa Ajili ya Asiyekuwepo

Anayetia saini cheti cha usafi wa mimea anatoa ushahidi mbele ya watu na mbele ya Mungu. Chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea, uliopitishwa Roma mwaka 1951, taasisi ya nchi inayouza, kama KEPHIS ya Kenya au TPHPA ya Tanzania, huithibitishia nchi inayonunua kwamba shehena imekaguliwa na kuonekana haina visumbufu vilivyokatazwa huko. Wengi huliona hili kuwa jambo la ada, foleni na mhuri. Kwangu ni swali la dini kwanza, kwa kuwa Amri za Musa na Kurani zote zinakataza ushahidi wa uongo, na anayelindwa na ushahidi huu hayupo mezani. Muuzaji yupo, mnunuzi yupo. Atakayeumia funza wakipita ni mkulima wa huko mzigo uendako, asiyejua hata kwamba meli imetia nanga. Sisi wenyewe yalitupata. Dumuzi, mdudu wa asili ya Mexico na Amerika ya Kati, aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, akatafuna mahindi na makopa ya Tabora, kisha akasambaa hadi Kenya na Burundi. Wanavijiji wa Tabora hawakuwa na mkono katika shehena iliyomleta, lakini mahindi yaliyogeuka vumbi yalikuwa chakula cha watoto wao.

Wapo wasemao masharti haya ni ukuta wa matajiri, hivyo kuyakwepa si dhambi. Ni kweli kwamba gharama zake humwelemea mwenye ekari moja, na yapo masharti yanayozidi hatari yenyewe. Lakini sharti la dhuluma lina mahali pa kupingwa: kanuni za Shirika la Biashara Duniani zinataka liwe na msingi wa kisayansi. Cheti cha uongo hakimwondolei mkulima dhuluma hiyo. Humhamishia mkulima mwingine, mara nyingi maskini kama yeye. Wengine huuliza, na swali lao ni gumu zaidi, mtu atashuhudiaje usafi wa maembe ambayo hakuyapasua yote? Waislamu wanakijua kisa cha Mtume Muhammad (S.A.W.) kutia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu chini. Hakuhesabu kila punje; alipeleka mkono pale ambapo ubaya hufichwa. Shahidi hadaiwi kujua yote. Anadaiwa kutafuta kwa bidii, kisha kusema alichokikuta hata kikimgharimu, kama Kenya ilivyojizuia yenyewe kuuza maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda. Kwa hiyo mkaguzi anayetakiwa kugonga mhuri bila kufungua maboksi akatae, na wakubwa wake, mawakala na sisi wakulima tusimame naye anapokataa.