Jua Halikumlilia Ibrahim



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, mwaka wa 10 Hijria msiba uliingia nyumbani kwa Mtume. Ibrahim, mwanawe kwa Bibi Mariya, Mkibti wa Misri, alifariki angali ananyonya. Mtume alikwisha kufiwa na Qasim, Abdallah, Ruqayya, Zaynab na Ummu Kulthum; sasa akabaki na Fatima peke yake. Alimpakata mtoto akikata roho, machozi yakamtiririka. Masahaba walipostaajabu, akawafahamisha kwamba machozi ni rehema; kinachokatazwa ni ulimi kumnung'unikia Mola.

Siku hiyohiyo jua likapatwa. Wataalamu wa falaki wamepiga hesabu na kuikuta ni tarehe 27 Januari 632. Kulikuwa ni kupatwa kwa pete, kama kule kulikoonekana Rujewa, Mbeya, Septemba 1, 2016, ingawa Madina pete yenyewe haikufika: jua lilimegwa, likabaki kipande. Watu wakaanza kuambizana kuwa jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim.

Hapo ndipo pa kutua, ndugu zangu. Waliosema hivyo hawakuwa wanafiki. Walikuwa waumini waliompenda, wakitafuta neno la kumliwaza. Mtume hakuhitaji kudai lolote. Angenyamaza tu, na mbingu ingekuwa shahidi wa ukubwa wa mwanawe. Hakunyamaza. Alitoka kwa haraka akiburuta nguo yake, akawaswalisha swala ndefu, kisha akawahutubia: jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu; mkiona hivyo, swalini na ombeni mpaka liwaondokee.

Baba aliyefiwa, kaburi la mwanawe bado bichi, anakataa sifa isiyo ya kweli! Sisi je? Tunavikwa kilemba cha ukoka na tunainamisha kichwa ili kikae vizuri. Mtu anashukuriwa msikitini kwa mchango uliotolewa na mwenzake, naye anatabasamu kimya. Mvua ikinyesha mazikoni twamhukumia marehemu Pepo. Jirani akipata ajali twamtafutia dhambi yake. Tumepewa na nani funguo za ghaibu?

Wapo pia wanaosema: kwa kuwa saa ya kupatwa kwa jua inajulikana kwenye kalenda, swala ya nini? Surat Rahman inatufundisha kwamba jua na mwezi huenda kwa hesabu. Basi aliyeijua hesabu amhofu zaidi Mwenye kuiweka. Mtume alijua kwamba jua halimlilii mtu, na bado aliinuka kwa hofu.

Kwa hiyo likipatwa, tusikimbilie simu pekee. Pasi na adhana wala iqama, hunadiwa "Asswalaatu jaami'ah", kisha zinaswaliwa rakaa mbili, kila rakaa visimamo viwili na rukuu mbili. Kisha tutoe sadaka na tuzidishe istighfari.

Ewe Mola, tujaalie ukweli hata pale uongo unapotupamba, na subira pale macho yanapolia. Amin.