Usiumeze Mkia

Mjukuu wangu, nasikia unajifunza Kiingereza upate kazi ya malori kwenye barabara ya kwenda mpakani Kasumbalesa. Umefanya vizuri. Keti basi, kuna jambo moja nataka ulijue mapema.

Sisi wingi tunauweka mbele. Kitabu, vitabu, na hapa Lubumbashi tunasema mutoto, batoto. Hata neno la kuja tunalivika kofia yetu: buku, mabuku. Msikilizaji anajua ni vingi kabla hujafunga mdomo. Kifaransa cha shule nacho humwonya mapema: "le camion" ni lori moja, "les camions" ni mengi, na ile "s" ya mwisho huandikwa tu. Miaka yote ya shule ulimi wetu umezoezwa kuimeza.

Kiingereza hakina huruma hiyo. "The truck", "the trucks": neno la mbele halibadiliki hata kidogo, mzigo wote umebebwa na mkia.

Nilipokuwa kijana nilimpigia simu mwenye mzigo upande wa Zambia. Malori yake manne yalikuwa yamefika mpakani. Nikasema "the truck arrived", mkia nikaumeza. Akaleta karatasi za lori moja. Matatu yakalala pale siku mbili, madereva wakinunua maji na bukari, ugali wetu, kwa pesa zao wenyewe. Nyuso zao naziona mpaka leo.

Kwa hiyo mkia utamke. Na usikie sauti yake: "trucks" huishia kwa "s", "bags" kwa "z", na "boxes" huongezewa silabi nzima. "Child" kuwa "children", "foot" kuwa "feet", hayo ni machache, yakariri tu. Kinachotunasa sisi tuliosoma Kifaransa ni yale yasiyopokea wingi. Tumezoea "des informations", "des bagages". Lakini "information" na "luggage" usizitie "s" kabisa. Hata "advice", nasaha kama hii ninayokupa, haina wingi kwao, na kwetu pia nasaha moja na nasaha kumi ni neno lilelile.

Jioni tutaketi kando ya barabara mimi nawe. Kila lori la shaba likipita, hesabu kwa sauti: "one truck, two trucks". Mimi nitafumba macho. Nataka niyaone malori kwa masikio.