Neno "Kuongoka": Si Kubadili Jina Tu



Katika mafundisho yetu mnasikia mara nyingi maneno matatu: kubadilika, kugeuka, kuongoka. Wengi hudhani kwamba yote ni mamoja. Sivyo. Yafaa tuyatenganishe, kwa sababu mtu aombaye Ubatizo pasipo kujua aombacho, aweza kuupokea juu ya kichwa tu, moyo ukabaki mkavu.

Kubadilika ni neno la vitu vyote. Kinyonga hubadilika rangi, majira hubadilika, mtu hubadili shati. Aliyebadilika leo aweza kubadilika tena kesho.

Kugeuka ni kuelekea upande mwingine. Msafiri akitambua kwamba amepotea njia msituni, hugeuka. Neno hili ni jema, lakini lina hatari yake. Ndilo lililozaa neno kigeugeu, yaani mtu asiye na msimamo. Na rafiki aliyetusaliti twasema kwamba ametugeuka.

Kuongoka ni zaidi. Asili yake ni kuongoa, yaani kumtia mtu katika njia iliyonyoka, na ndugu zake ni kuongoza na kiongozi. Basi mtu hajiongoi peke yake: Mungu humwongoa, naye hukubali kufuata. Jirani yake ni kutubu, neno lililotoka katika Kiarabu, ambalo asili yake ni kurudi. Na walioandika Injili kwa Kigiriki walitumia neno metanoia, maana yake kugeuza nia. Tuyaweke pamoja: kurudi kwa Mungu, kugeuza nia yote, na kuongozwa katika njia mpya. Hayo ndiyo mageuzi kamili.

MFANO WA MUHOGO

Mama zetu wanalijua jambo hili kuliko sisi walimu. Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Ukimenywa, hupendeza kwa weupe wake, lakini sumu ingalimo. Kwa hiyo mama huutia majini, huuacha siku tatu au zaidi hata ulainike, kisha huuanika juani na kuutwanga. Hapo ndipo unga wake hulisha nyumba nzima.

Na afanyaye haraka je? Huko Kwango, magharibi mwa nchi yetu, daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa uitwao konzo, ambao hupooza miguu kwa ghafula. Wataalamu waliomfuata waliona kwamba huwapata hasa watu wanaokula siku nyingi muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, tena wakikosa vyakula vingine vya kujenga mwili. Katika lugha ya Wayaka neno konzo ni kusema miguu iliyofungwa. Muhogo ule ulionekana mweupe, kumbe miguu ya mlaji inafungwa.

Basi, kumenya ni kubadili jina, kuvaa msalaba shingoni na kujua sala kwa moyo. Ni lazima kumenya, lakini haitoshi. Kuongoka ni kulowekwa hata sumu itoke.

Ndiyo sababu Eklezia haina haraka. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza miaka minne ya matayarisho kabla ya Ubatizo. Na mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliamuru ukatekumeni wa watu wazima urudishwe pamoja na hatua zake. Anayenung'unika kwamba muda ni mrefu, na autazame muhogo ndani ya maji.

SUMU YA KWETU

Tusijifiche, ndugu. Vita vya mwaka 1993, vilivyoanzia Ntoto katika Walikale na kuenea hata Masisi, havikupiganwa na wapagani peke yao. Watu waliobatizwa walishika mapanga, nao waliobatizwa walikatwa. Jina la mtakatifu lilikuwapo. Chuki ya kabila ilikuwa bado haijatoka. Hiyo ndiyo konzo ya roho: mtu ana imani mdomoni, lakini miguu yake haiwezi kuvuka kijito kwenda kumsalimu jirani wa kabila lingine.

Alama ya mtu aliyeongoka ni ipi? Mtazameni Zakayo, mtoza ushuru, katika Injili ya Luka, sura ya 19. Hakuishia kumkaribisha Bwana nyumbani na kufurahi. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Kuongoka kwake kulifika mfukoni.

Nasi vilevile. Mwenye ng'ombe katika milima ya Masisi, aliyelisha mifugo yake katika mtama wa mjane, na alipe. Mnunuzi wa kasiterite au dhahabu huko Walikale, aliyeharibu mizani, na aitengeneze, kisha awatafute aliowaibia. Aliyesogeza mpaka wa shamba na aurudishe. Pasipo hayo, ametubu kwa ulimi tu.

Tena tunaye shahidi wa karibu. Floribert Bwana Chui alifanya kazi Goma katika ofisi ya serikali ikaguayo bidhaa. Alipewa fedha ili vyakula vilivyoharibika vipite, akakataa, kwa kuwa vingewadhuru watu. Waliuawa wengi katika nchi yetu kwa sababu nyingi. Yeye aliuawa mwaka 2007, akiwa na miaka 26, kwa sababu ya kukataa huko. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Eklezia ilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Ndani yake Ubatizo ulikuwa umepenya hata mkono uliokataa fedha.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Kuongoka ni nini?
Ni kumrudia Mungu kwa nia yote, na kumwacha aongoze maisha yetu.

Mtu aweza kuongoka kwa nguvu zake mwenyewe?
Hawezi. Ni neema ya Mungu. Lakini Mungu hamlazimishi mtu.

Tutamjuaje aliyeongoka?
Kwa matendo: husamehe, hurudisha alichodhulumu, hakatai kula pamoja na jirani.

Aliyebatizwa akianguka tena, afanye nini?
Asikate tamaa. Arudi upesi kwa Sakramenti ya Kitubio.

Juma hili, kila mmoja wenu atafute mtu mmoja anayemwia deni au msamaha, aende kwake kabla ya fundisho lijalo. Asiandike jina lake wala asinihadithie mimi. Mungu aonaye sirini anatosha.