Kufanana Si Kosa

Huku Huruma neno kloni lilifika kabla ya sayansi yake. Peleka simu kwa fundi, aigeuze mara mbili, aguse kifuniko, kisha aseme, "Hii ni kloni." Hapo unajua uliuziwa feki. Mwaka wa 2012, serikali ilipoamua simu feki zizimwe nchini, watu wengi waliamka na kipande cha plastiki mfukoni. Siku hizi neno limepanda cheo. Mtu anachukua picha zako na jina lako, anafungua akaunti mtandaoni, halafu anawaandikia marafiki zako: "Nimekwama hosi, nitumie elfu mbili, jioni narudisha." Hiyo nayo tunaita kloni.

Kwa hiyo mtaani kloni ni kitu kinachojifanya kingine. Ina uongo ndani yake. Lakini ukimuuliza mwanabiolojia, atakupa maana nyingine kabisa.

Neno lenyewe limetoka kwa Kigiriki, na maana yake ni kijitawi. Mwaka wa 1903, Mmarekani mmoja mtaalamu wa mimea, Herbert Webber, alilitumia kutaja mimea inayotokana na kipande cha mmea mmoja, bila mbegu. Kumbe nyanya zetu wanakloni tangu zamani. Shina la muhogo likikatwa na kupandwa, hiyo ni kloni. Chipukizi la mgomba ni kloni. Pale Juja, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kimekuza miche ya migomba maabara, kutoka kwa vipande vidogo vya mmea usio na ugonjwa. Ndizi iliyoiva haimdanganyi mtu yeyote. Ni ndizi tu.

Kwa wanyama, kazi ni ngumu zaidi. Dolly, kondoo aliyezaliwa Uskoti Julai 1996, alitokana na seli ya kiwele cha kondoo wa miaka 6. Wanasayansi walitoa kiini cha yai la kondoo mwingine, wakaliunganisha na seli hiyo, kisha kondoo wa tatu akabeba mimba. Walianza na mayai 277 yaliyounganishwa hivyo, akapatikana Dolly mmoja. Aliishi miaka 6, akazaa wana kwa njia ya kawaida, akafa Februari 2003.

Usidhani mambo haya ni ya Ulaya pekee. Hapa Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI kule Kabete, kulizaliwa fahali wa aina ya Boran kwa njia ya kukloniwa, akaitwa Tumaini. Lengo lilikuwa kutafuta njia ya kupata siku moja ng'ombe wasioangushwa na nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Jina lake linanifurahisha. Hawakumwita Kopi wala Namba Mbili. Alikuwa mnyama mpya, mwenye njaa yake na siku yake ya kuzaliwa.

Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Kloni ya biolojia ni kama pacha aliyechelewa kuzaliwa. Pacha wa kufanana walitokana na yai moja lililogawanyika, lakini hata alama za vidole vyao hazilingani. Kama tumbo moja la mama linatosha kuwatofautisha, je, miaka 30 na mtaa mwingine?

Nasema haya kwa sababu kuna matumizi ya tatu ya neno hili, na hayo ndiyo yananikera. Kwenye ploti yetu kuna kijana ambaye watu wamezoea kumwita kloni ya babake. Uso ni uleule, mwendo uleule. Shida ni kwamba mzee alikuwa mtu wa chupa, akaishia kuiacha familia. Kwa hiyo kijana akichelewa kurudi, ni "damu ni damu." Akikasirika kidogo, ni "si unamwona mzee wake?" Hajafikisha miaka 20 na kesi yake ishaamuliwa. Ushahidi pekee ni pua.

Mtu atanijibu: kwani jeni hazina kazi? Zina kazi, sikatai. Mtoto anaweza kurithi udhaifu fulani, na ni vizuri ajue, kama vile mtoto wa mwenye kisukari anavyofaa kupimwa mapema. Lakini kumwonya mtu ni kumpa nafasi ya kuchagua. Kumwita kopi ni kumnyang'anya hiyo nafasi, halafu kumlaumu kwa kukosa kuitumia.

Tena sisi tuna desturi inayojua tofauti hii. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Wa pili akipewa jina la babu mzaa mama, mama anaweza kumwita mwanawe "baba" bila mtu kucheka. Jina linarudi, heshima inarudi. Lakini hakuna anayemdai mtoto madeni ya babu, wala kumtuma kwa bibi ya babu akaulize chakula kiko wapi. Tunajua mzee alishaondoka, na huyu amekuja na yake.

Basi ubaya wa akaunti ya kloni hauko kwenye sura. Uko kwenye kusema "mimi ni yule" ili uaminiwe kwa jasho la mwingine. Mtoto anayefanana na babake hajawahi kusema hivyo. Sisi ndio tunaosema kwa niaba yake. Na kama kuna anayestahili kuulizwa kwa nini anamvisha mtu jina lisilo lake, ni mwenye mdomo, si mwenye sura.